Wamecheka kwa Kiswahili

Jumatano, Mtoni. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua haijaamua. Nimekaa kibaraza cha nyuma, pembeni ya masufuria ya watu ambayo bado hayajarudishwa kwa wenyewe, naandika kwa simu. Mtu akipita na kuniuliza hali, nitamwambia nzuri, kwa sababu ndiyo inayotoka kwanza.

Sijisikii vibaya. Sijisikii kitu. Ni kama ule mguu ulioukalia muda mrefu kwenye mkeka wa msiba: unasimama, unaukanyaga, na huuoni kama ni wako.

Kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Somoe, niko mwaka wa pili chuoni, Mmakonde wa Temeke. Nimezaliwa hapa hapa Mtoni, Newala nimekwenda kwa likizo tu. Aliyenilea ni Bibi, mama yake mama, wakati mama akihangaika na biashara yake ya samaki wa kukaanga. Ijumaa Bibi amefariki. Jumamosi tumemzika. Jumatatu tumeanua matanga, na leo nikavaa nguo, nikabeba begi, nikaenda semina.

Chuoni sikumwambia mtu.

Si kwamba nilikuwa naficha. Ni kwamba ukisema umefiwa na bibi, watu wataanza na pole, halafu wataomba kuona picha yake. Na picha ya Bibi siwezi kumwonyesha mtu bila maelezo. Ana nembo za Kimakonde usoni, zile za kuchanjwa, mistari iliyokunjwa mashavuni na kwenye paji la uso. Mdomo wake wa juu una tundu. Humo alikuwa akivaa ndonya, kile kibao cha mviringo cha mpingo, tangu usichana wake. Alipoletwa Dar na babu, ambaye alikuwa akichonga sanamu kando ya barabara, alikwenda sokoni siku moja, akachekwa, akarudi nyumbani, akaivua. Ndonya ilitoka. Tundu likabaki.

Miaka yote niliyomfahamu alikunywa chai akiwa ameweka kidole pale mdomoni, isimwagike. Mgeni akiingia, alivuta pembe ya khanga na kujifunika. Sisi wa nyumbani tukiwa peke yetu, alikuwa akisema chai yake ina njia mbili, kwa hiyo apewe vikombe viwili.

Alikuwa akiniita mke mwenzangu. Kwetu ndivyo bibi na mjukuu wanavyoishi, wanagombania mume mmoja, ambaye kwa upande wetu alikuwa marehemu. Nikirudi kutoka chuoni, kabla sijavua viatu, ananiuliza kutoka kwenye mkeka wake pale mlangoni: "Haya mke mwenzangu, leo umesema?"

Swali hilo lilianza mwaka jana, nilipomweleza jinsi semina zinavyokwenda. Nilimwambia wanafunzi wanakaa, wanajadili, na kuna alama kwa anayechangia, na mimi huwa sichangii. Alishangaa sana. Alikuwa hajawahi kusikia mahali ambapo mtu analipiwa ada ili akae kimya. Tangu hapo hakuacha kuuliza. Nami nilikuwa namjibu, "Bado, Bibi. Kesho." Naye anasema haya, kesho, anaendelea na ugoro wake.

Sasa niieleze hiyo semina, maana ndiyo iliyonileta kuandika.

Kozi yenyewe inahusu jamii na tofauti zake: makabila, dini, jinsia, walemavu, na jinsi wote hao wanavyoishi pamoja. Kwenye karatasi ni kozi nzuri. Mwalimu wetu, tunamwita Dokta tu, ni mtu mpole anayevaa shati la kitenge kila siku ya semina, na nadhani anaamini kwa dhati kile anachofundisha. Darasa ni kubwa. Wasichana tupo, tena wengine wanaongea kama redio. Lakini Mmakonde ni mimi peke yangu, na Mbarbaig ni Uda peke yake.

Uda jina lake kamili ni refu, linaanza na Uda, na hakuna aliyewahi kulimaliza. Anatoka Hanang'. Wenzetu wanamwita Mang'ati, jina ambalo kabila lake lilipewa na watu waliokuwa wakipigana nao, na wakimwita hivyo wanaongeza, "Usituue, dada." Anatabasamu. Huwa anakaa safu ya mwisho upande wa dirisha, mimi safu ya mwisho upande wa mlango. Hatukuwahi kuwa marafiki. Tulikuwa majirani wa kimya.

Mimi utani wangu ni mwingine. Babu zangu wengi walikuwa walinzi wa mageti ya watu, kwa hiyo nikifika darasani kuna anayeniuliza kama nimeacha geti wazi. Siku nyingine naulizwa bei ya sanamu.

Nisiwasingizie, wanacheka bila ubaya. Nami nacheka. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo nilivyolelewa na mji huu. Ila nimeona jambo moja. Siku ya mada ya katiba hakuna anayeniuliza kitu, na siku ya mada ya uchumi ndiyo kabisa. Siku ya mada ya ngoma, shingo zote zinanigeukia.

Na ukinigeukia hivyo, mimi mdomo unakauka. Kwa sababu nikisema kitu cha maana, kimesemwa na Wamakonde. Nikikosea Kiingereza, wamekosea Wamakonde. Anayekaa mbele yangu akikosea, amekosea yeye na jina lake, anajikuna kichwa, anaendelea. Mimi nabeba mkoa mzima mgongoni ili niseme sentensi moja. Afadhali nikae.

Leo ilikuwa semina ya mwisho kabla ya mitihani. Waliokuwa hawajachangia muhula mzima tulibaki wawili, nadhani hata sihitaji kuwataja. Dokta alikuwa ametuonya wiki iliyopita kwa upole wake: asiyefungua mdomo hapati alama za semina, na bila hizo koswek yangu, yaani alama za muhula kabla ya mtihani, inachechemea. Bibi alikuwa hai siku hiyo. Nilimwambia. Akasema, "Basi Jumatano unasema, mke mwenzangu. Kesho zimekwisha."

Nilikwenda kwa sababu hiyo. Kama si hivyo ningelala.

Mada ilikuwa tofauti za makabila na umoja wa taifa. Walichangia wengi, na wote walisema jambo moja kwa Kiingereza cha aina mbalimbali: sisi Watanzania hatuna ukabila, sisi tuna utani. Wenzetu nchi nyingine wanapigana, sisi tunataniana. Dokta akatikisa kichwa kukubali. Watu wakajipigia makofi kidogo. Nilikuwa nawasikia kama mtu anayesikiliza redio ya chumba cha jirani.

Kisha Dokta akawasha projekta kutuonyesha alichokiita urithi tunaoupoteza. Picha ya kwanza ngoma. Ya pili ngao. Ya tatu mwanamke mzee, picha ya zamani, nembo usoni, ndonya kubwa kwenye mdomo wa juu, macho yanamtazama mpiga picha kama anamdai. Chini hapakuwa na jina lake. Waliandika tu kwamba ni mwanamke wa Kimakonde.

Hakuwa Bibi. Hata hawakufanana. Lakini nembo za shavuni zilikuwa zile zile.

Darasa likatoa ule mguno, nusu kicheko nusu huruma. Ndipo Braison akafanya alichofanya. Braison anaishi Goba, kwenye nyumba ambayo geti lake lina mlinzi, na ndiye mchekeshaji wetu rasmi. Si mtu mbaya. Chaja yake imezunguka darasa zima, na siku nilipougua malaria ndiye aliyenitumia notisi. Alichukua kifuniko cha kalamu, akakibana chini ya mdomo wa juu mpaka mdomo ukatokeza mbele, akageuka nyuma kunitazama.

"Somoe! Mcheki bibi yako!"

Darasa likaangua kicheko. Wengine waligonga meza. Dokta mwenyewe aliinamisha uso kwenye kompyuta yake kuficha tabasamu, halafu akakohoa. Braison akakitoa kile kifuniko, akanipungia mkono, akasema, "Utani tu, sista. Sie si watani?"

Nilingoja niumie. Kwa kweli nilikaa pale nikangoja, kama unavyongoja chafya. Haikuja.

Badala yake nikakumbuka Jumamosi.

Ngoja niieleze Jumamosi kwa asiyejua mambo ya kwetu. Ukoo wetu una watani wake, ukoo mwingine ambao umetaniana na wetu tangu Newala, na hapa Mtoni watani hao wanaongozwa na Bi. Mwajabu, mama wa mtaa wa pili mwenye sauti ya king'ora. Yeye na Bibi walitukanana kila walipoonana. Bi. Mwajabu akipita hapa hakuwahi kusema hodi, alisema, "Huyu bado hajafa tu?" Na Bibi alimjibu, "Nakungoja wewe utangulie ukafagie."

Ijumaa Bibi alipokata roho, Bi. Mwajabu alifika kabla ya ndugu zetu wa Kimara. Hakulia. Alikunja mikono ya gauni, akateka jiko, akatangaza hakuna mtu wa nyumba hii atakayegusa sufuria wala ufagio mpaka matanga yaanuliwe, na kwamba akimwona mmoja wetu jikoni atamchapa mwiko. Watani wenzake wakaingia, wakachota maji, wakapika, wakaosha, wakalala uani. Ndiyo kazi yao. Mfiwa anakaa kulia, mtani anafanya.

Asubuhi ya Jumamosi, wanawake walipoingia kumwosha Bibi, Bi. Mwajabu alikuwa miongoni mwao. Nami nilikuwemo, nimeshika beseni. Alimpangusa taratibu sana. Alipofika mdomoni, pale penye tundu la ndonya, hakupita haraka kama mtu anayeogopa. Alipapangusa kwa pamba, akarudia, kama unavyompangusa mtoto aliyemaliza uji. Na wakati wote alikuwa akimsema kwa sauti ya chini, "Umeona sasa, umenishinda, umetangulia wewe."

Maziko yakapita. Wanaume walirudi kutoka makaburini, watu tumekaa kwenye mikeka, hakuna anayemtazama mwenzake. Mama alikuwa hajala tangu Ijumaa. Mara Bi. Mwajabu anatoka chumbani kwa Bibi amevaa khanga ya Bibi, amejifunga vile vile alivyokuwa akijifunga Bibi, ameinama vile vile, mkononi kibweta cha ugoro. Na kwenye mdomo wa juu amebana kizibo cha soda.

Alizunguka ua mzima akifoka. Nani kanywa chai yangu? Vikombe vyangu viwili viko wapi? Akamfikia mama, akamtazama juu mpaka chini, akamwambia kwa ile sauti ya Bibi, kile kizibo kinachezacheza, "Na wewe, ndio nini kukaa na njaa, unataka kunifuata huko uje kunisumbua?"

Mama alicheka mpaka akalala ubavu. Ua mzima ulicheka. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu kicheko cha mama kikageuka kilio, kilio cha kweli ambacho kilikuwa kimekwama tangu Ijumaa, na Bi. Mwajabu akakitema kile kizibo, akampakata. Usiku huo mama akala wali.

Mimi sikulia. Nilicheka tu, kisha nikawa hivi nilivyo.

Basi leo nimekaa safu ya mwisho, picha ya mwanamke asiye na jina iko ukutani, na ninajiuliza kwa utulivu kabisa, kama swali la mtihani: kizibo na kifuniko cha kalamu vina tofauti gani? Mdomo ni ule ule. Kicheko ni kile kile. Jumamosi nilicheka, leo sicheki. Je, ni mimi ninayebagua?

Dokta akanyamazisha darasa. Nadhani alitaka kurekebisha mambo, na akayarekebisha vile anavyojua. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya upole, kwamba kwa bahati nzuri tunaye mtu wa jamii hiyo humu ndani. Somoe, hebu tuambie, wanawake wa kwenu wanajisikiaje kuhusu mila hii?

Wanawake wa kwenu. Wote, kwa mkupuo.

Shingo zikageuka. Nilimwona Uda kwa pembeni, ameinamisha kichwa kama vile ameitwa yeye. Na mimi nikasimama. Siku zote nilidhani siku nikisimama miguu itatetemeka. Haikutetemeka, kwa sababu haikuwa yangu.

Nikasema kwa Kiswahili, "Mie wanawake wote wa kwetu siwajui. Namjua bibi yangu. Tumemzika Jumamosi."

Dokta hakuwa amelisikia vizuri hilo la mwisho, au alilisikia likachelewa kufika, maana alikuwa ameshaanza kunikumbusha, kwa upole wake ule ule, kwamba semina inaendeshwa kwa Kiingereza.

"Wamecheka kwa Kiswahili, Dokta," nikamwambia. "Naomba niwajibu hivyo hivyo."

 Nikaendelea. Niliwaeleza habari ya Bi. Mwajabu na kizibo cha soda, kwa ufupi, bila kupamba. Niliwaambia kwamba tulicheka, na kwamba hata mimi nilicheka. Kisha nikamgeukia Braison. Sikumkasirikia. Nilitaka tu kulimaliza lile swali langu.

"Yule aliyeweka kizibo ndiye aliyemwosha bibi yangu asubuhi ile. Ndiye aliyetupikia siku tatu. Ndiyo maana tunamwita mtani. Wewe Braison, umemwosha nani?"

Nikakaa.

 Feni ya projekta ilikuwa inaunguruma na yule mwanamke bado anatutazama. Braison alikuwa ameshika kile kifuniko cha kalamu, anakigeuzageuza, na uso wake ulikuwa umekuwa mdogo. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Sikufurahi kuuona. Sikuhuzunika pia.

Kisha pole zikaanza. Pole sana Somoe. Pole jamani, hatukujua. Pole, Mungu amlaze mahali pema. Kila upande pole, na zote za kweli, nilisikia kwamba ni za kweli. Lakini pole ikishasemwa kwetu, mazungumzo yamefungwa. Huwezi kujadiliana na mfiwa. Hakuna aliyerudi kwenye nilichosema. Hakuna aliyesema ndiyo wala hapana. Walinifunika kwa pole kama wanavyofunika chakula, na Dokta akaizima picha.

Akauliza kama kuna mwingine wa kuchangia. Hapakuwa na mwingine. Semina ikaisha.

Mlangoni Braison alinisimamisha. Alisema, "Sista, mie sikujua, wallahi." Yeye si Mwislamu, sijui hiyo wallahi aliitoa wapi. Nilimwambia najua kwamba hakujua. Alikuwa akingoja niseme yameisha. Sikusema, si kwa kumkomoa. Sikuwa nalo hilo neno karibu.

Dokta naye aliniita. Akanipa pole kwa mikono miwili. Akasema mchango wangu ameuhesabu, lugha haina neno kwa leo. Halafu akasita, akasema kama nina picha ya marehemu, ingefaa sana kwa wanafunzi wa mwaka kesho, kuliko ile isiyo na jina.

Nilimwambia nitaangalia.

Sitaangalia. Anajitahidi, Dokta, simlaumu, lakini Bibi alijifunika khanga mbele ya wageni na sitamfunua mimi mbele ya projekta.

Watu wameanza kuniandikia kwenye simu kwamba nilikuwa jasiri. Mmoja wa wale dada wanaoongea kama redio ameandika kwamba nimewapa sauti wanawake wote wa pembezoni. Nimesoma ujumbe huo nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mihogo. Nataka niseme hapa, mahali ambapo hakuna anayenipigia makofi: haukuwa ujasiri. Kidole kikiwa na ganzi unaweza kukikata na usisikie. Nilisema kwa sababu sikuwa nasikia kitu. Hofu haikuwepo kwa sababu hakuna chochote kilichokuwepo.

Na hili ndilo linalonitisha, kama neno kutisha bado lina kazi kwangu. Ganzi huisha. Muhula ujao nitakuwa na miguu yangu tena na mdomo wangu ule unaokauka. Je, nitasimama? Au itabidi kila mara nizike mtu kwanza ndipo niongee?

Sijui. Naiacha hapo.

Nilimkuta Uda bombani, nje, ananawa uso. Alikuwa amekosa alama zake. Hatukusalimiana. Alifunga bomba, akajifuta kwa mtandio, akasema, "Mkono wangu ulifika hapa." Akanionyesha begani. "Uliposema vile nikataka kuongeza la kwangu. Ukafika hapa, ukakataa."

Nikamwambia begani ni mbali sana kuliko mezani.

Tukakaa ukingoni mwa mtaro. Akaniuliza nimewezaje, nami nikamweleza habari ya ganzi kama nilivyoieleza hapa. Alisikiliza. Hakunipa pole. Nilimshukuru kwa hilo bila kumwambia. Baadaye akauliza, "Arobaini mnafanya?"

Nikamwambia tunafanya, kisomo na chakula, hapa hapa Mtoni.

"Nije?"

Nikamwambia karibu, mgeni njoo mwenyeji apone. Akatikisa kichwa. "Sio mgeni. Nije kuosha masufuria. Nimemuuliza baba kwa simu nilipotoka darasani, anasema sie na Wamakonde hatuna utani wowote, hata hatujawahi kuonana. Lakini masufuria yanaoshwa na mikono, si ndiyo?"

Nikamwambia kuna Bi. Mwajabu, hatakubali mtu aguse jiko lake, atamchapa mwiko. Uda akasema aje tu na huo mwiko. Mimi nikafungua mdomo, maana nilikuwa na neno tayari juu ya ncha ya ulimi, neno la ng'ombe, la kuwaambia majirani wafunge ng'ombe wao siku atakayokuja, asije akawaswaga. Akaliona linavyokuja. Akaninyooshea kidole.

"Bado," akasema. "Ukishaniona na masizi mpaka kwenye viwiko, ndipo unitanie. Sio leo."

Nikalimeza. Na wakati nalimeza nikajikuta natabasamu, na tabasamu lile likauma. Mahali fulani hapa chini ya koo. Lilikuwa jambo la kwanza kuuma tangu Jumamosi. Sikulia, lakini niliona mahali ambapo kilio kimekaa.

Neno lenyewe nimelitunza. Arobaini si mbali.

Nilipoachana naye nilimwomba anifundishe jina lake lote. Alilisema polepole, mara mbili. Nimelisema mpaka kituoni, nikikosea, nikirudia.

Halafu nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, nikakaa kibarazani kuandika haya, viatu bado mguuni. Mama yuko uani na Bi. Mwajabu, wanagombana juu ya sufuria ipi ni ya nani, na kugombana kwao ni dalili kwamba mama anapata nafuu. Nilipofika hapa niliiweka simu chini, nikapita mlango wa mbele. Mkeka wa Bibi umekunjwa, umesimamishwa ukutani. Nikavua kiatu kimoja, nikasimama na kingine mguuni, kwa mazoea, nikingoja.

Leo ndiyo siku niliyokuwa na jibu.

Hakuna aliyeniuliza. Mtaani watoto wanapiga kelele, uani Bi. Mwajabu anamwita mama mwizi wa masufuria. Nikavua kiatu cha pili.

"Nimesema, mke mwenzangu," nikauambia mkeka. Kisha nikaukunjua hapo hapo mlangoni, nikaukalia, nikalia mpaka mama akaja.